Vipokea sauti visivyo na waya visihukumiwe kuwa vimekufa kabla ya kuchunguzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa teknolojia, kwamba kipokea sauti kisicho na waya kikinyamaza upande mmoja baada ya mwaka mmoja au miwili, mwenye nacho asijisumbue nacho bali anunue kingine. Mimi ni fundi wa vifaa vidogo vya elektroniki, na vifaa hivi hupita mikononi mwangu karibu kila siku ya kazi. Vingi vinavyoletwa kwangu vikiwa vimekwisha kutangazwa kuwa vimekufa hurudi kwa wenyewe vikiwa vizima bila mimi kufungua chochote, kwa sababu kilichokosekana kilikuwa usafi wa pini za chaji, kuoanishwa upya (yaani kutambulishwa upya kwa simu), au sasisho la programu iliyomo ndani yake. Ushauri ule unawatoa wasomaji fedha pasipo sababu na kupeleka jalalani betri za lithiamu ambazo bado zina uhai, na mimi siwezi kuunyamazia.

Nadhani kosa linaanzia pale tunapovitazama vifaa hivi kama ndugu wa vile vya waya tulivyovizoea. Kipokea sauti cha waya kilikuwa na sumaku, koili na utando tu, na waya ukikatika kilikuwa hakina la zaidi. Kisicho na waya ni kompyuta ndogo inayovaliwa sikioni: kila upande una chipu yake, redio yake, maikrofoni, spika na betri, na vyote hivyo vinaongozwa na programu. Sauti inapopotea, basi, chanzo kinaweza kuwa kwenye simu, kwenye mawimbi yanayopita kati ya simu na sikio, kwenye kipokea sauti chenyewe, au kwenye kasha la kuchajia, ambalo watu wengi hawalifikirii kabisa. Kabla ya jambo jingine lolote mwenye kifaa anapaswa kujua ni wapi kati ya hapo panapouma, na njia ya kujua ni rahisi: aviunganishe vipokea sauti na simu nyingine. Tatizo likibaki, simu haina hatia. Likitoweka, basi vipokea sauti havina hatia, na fedha ya kununulia vingine imeokolewa kwa kazi ya dakika mbili. Namsihi pia abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mtu anayefuta kuoanishwa, kusasisha simu na kusafisha pini kwa mkupuo mmoja anaweza kupona bila kujua kilichomponya, na tatizo likirudi atakuwa palepale alipoanzia.

Nirudi kwenye upande mmoja kunyamaza, kwa kuwa ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote. Mwanafunzi mmoja aliniletea vyake, ambavyo hutumia kusikilizia mihadhara iliyorekodiwa, baada ya kuambiwa na aliyemuuzia kwamba upande wa kushoto umeungua. Nilivitia kwenye kasha nikatazama taa: upande wa kulia uliitika, wa kushoto haukuitika. Upande ule haukuwa umeungua, ulikuwa na njaa. Nta ya sikio iliyochanganyika na vumbi la mfukoni ilikuwa imetanda juu ya vibati vidogo vya chuma ambavyo hugusana na pini za kasha, na kwa wiki kadhaa upande huo haukuwa ukipokea chaji hata kidogo. Kijiti chenye pamba kavu, kisha kingine kilicholowanishwa kidogo sana kwa spiriti na kupitishwa juu ya vibati na pini peke yake, kilimaliza kazi. Tulisubiri nusu saa ili betri ipate nguvu, na sauti ikarudi. Namkumbuka kwa sababu alikuwa amekwisha kuazima fedha za kununua vingine.

Katika usafi kuna jambo ambalo lazima nilikazie, maana nimeona madhara yake. Spiriti, maji au kimiminika chochote kisipelekwe kwenye wavu mdogo ambako sauti hutokea. Wavu husafishwa kwa brashi laini iliyo kavu, huku kifaa kikiwa kimeinamishwa ili uchafu uanguke nje badala ya kuingia ndani, na asithubutu mtu kutumia sindano, kwa sababu utando wa spika uko nyuma tu ya wavu huo na ukitobolewa hakuna fundi atakayeushona. Wavu ulioziba kwa kawaida haunyamazishi upande wote. Huifanya sauti iwe ndogo na yenye kufifia, na hiyo ndiyo dalili inayotofautisha wavu mchafu na betri isiyochajiwa. Vilevile, yeyote anayesikia upande mmoja uko chini kuliko mwingine aangalie kwanza mipangilio ya ufikivu (Accessibility) kwenye simu yake, kwa kuwa humo mna kitelezi cha uwiano wa sauti kati ya kushoto na kulia. Kidole kikikisogeza bila mtu kujua, hata vipokea sauti vipya kabisa vitaonekana vibovu.

Ikiwa taa inaonyesha kwamba pande zote mbili zinachajiwa na bado mmoja ni kimya, hapo nashuku kwamba zimepotezana. Vipokea sauti na simu huhifadhi funguo za siri za kutambuana, na pande mbili nazo zina makubaliano yao. Katika aina nyingi za zamani upande mmoja ndio unaozungumza na simu na kuupelekea mwenzake sauti. Makubaliano hayo yakivurugika, pengine kwa sababu upande mmoja ulizimika katikati ya kuunganishwa, havitengamani tena mpaka vianzishwe upya. Mwenye navyo afute kifaa hicho kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, na ya kila simu au kompyuta aliyowahi kukioanisha nayo, arudishe pande zote mbili kwenye kasha, kisha abonyeze kitufe cha kuweka upya kwa muda ulioandikwa kwenye kijitabu chake. Kwa AirPods, vipokea sauti vya Apple, zenye kitufe nyuma ya kasha, kwa mfano, ni kama sekunde 15, hadi taa imulike rangi ya kaharabu halafu nyeupe. Baada ya hapo huoanishwa kama vipya. Narudia kuhusu kompyuta, kwa sababu mara nyingi nimekuta vipokea sauti "vinavyogoma" ambavyo kumbe vimejiunganisha vyenyewe na kompyuta ya mwenye navyo iliyoko chumba cha pili.

Sauti inayokatikakatika ni habari nyingine, na hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayotumiwa na ruta nyingi za Wi-Fi, na tanuri za maikrowevu nazo huvujisha kelele humo humo. Ili iweze kuishi katika msongamano huo, Bluetooth ya kawaida imegawa eneo lake katika njia 79 na hurukaruka kati ya njia hizo mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa zile zilizojaa. Ni ufundi wa kustaajabisha, lakini una mipaka yake. Kikwazo ambacho watu hawakitarajii ni mwili wao wenyewe: maji yaliyomo mwilini hunyonya mawimbi hayo, na ndiyo sababu simu iliyo mfuko wa nyuma upande wa kulia inaweza kushindwa kulifikia vizuri sikio la kushoto. Kabla ya kulaumu kifaa, msomaji ahamishie simu mfuko wa mbele, na kama yuko nyumbani aielekeze simu kwenye mtandao wa Wi-Fi wa gigahezi 5 ikiwa ruta yake inao.

Wapo pia wanaolalamika kwamba muziki ni mzuri lakini wakipiga simu sauti inakuwa kama ya ndani ya pipa. Huo si ubovu. Bluetooth ya kawaida hupeleka muziki kwa njia moja, na maikrofoni inapofunguliwa hubadilisha njia na kutumia ile ya mazungumzo, ambayo huchukua sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100 au 48,000 za muziki. Mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, uitwao LE Audio, uliotangazwa Januari 2020 umekuja pamoja na namna bora zaidi ya kubana sauti, lakini unahitaji simu na vipokea sauti vyote viwili viwe vinaufahamu.

Kwa haki ya mwandishi wenu, kuna mahali alipokuwa sahihi. Betri za lithiamu huzeeka. Hupoteza uwezo kila zinapochajiwa na kutumika, huzeeka haraka zaidi zikiachwa kwenye joto kama ndani ya gari lililoegeshwa juani, na huweza kufa kabisa zikiachwa tupu kwenye droo kwa miezi. Betri ya kifaa kidogo kiasi hiki haina akiba ya kupoteza, na katika aina nyingi imefungiwa ndani kwa gundi kiasi kwamba kuibadilisha ni kuharibu kifaa. Mtu ambaye vipokea sauti vyake vimesafishwa, vimewekwa upya na kusasishwa, na bado vinazima baada ya robo saa, huyo namwambia ukweli kwamba betri imefika mwisho. Ninachopinga ni kumwambia hivyo kabla ya kuchunguza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makala yenu haikuligusa hata kwa sentensi moja, nalo ndilo lililonisukuma zaidi kuandika. Ndani ya chipu ya kila kipokea sauti kuna programu dhibiti, yaani maagizo yanayoiambia redio namna ya kuzungumza na simu, betri namna ya kupokea chaji, na maikrofoni namna ya kupambana na kelele za nje. Programu hiyo iliandikwa na wanadamu na ina makosa, na watengenezaji makini huendelea kuirekebisha baada ya kifaa kuuzwa. Nimeona vipokea sauti vilivyokuwa vikikatika kila baada ya dakika chache vikitulia kabisa baada ya sasisho moja, na vingine vilivyokataa kuelewana na simu mpya vikikubali siku hiyohiyo. Hata hivyo, wateja wangu wengi husasisha simu zao kila mwezi bila kujua kwamba vitu vilivyo masikioni mwao navyo vina programu inayosubiri zamu yake.

Kutojua huko kuna sababu, kwa kuwa watengenezaji hawafuati njia moja. Wengi hupitisha masasisho katika aplikesheni yao ya simu, kama Galaxy Wearable kwa vifaa vya Samsung au Sound Connect kwa vya Sony, na mtu asiyekuwa na aplikesheni hiyo hatajua kamwe kwamba sasisho lipo, kwa sababu muziki unaendelea kucheza bila aplikesheni yoyote. Apple hufanya kinyume chake: AirPods hujisasisha zenyewe zikiwa zinachajiwa karibu na iPhone, iPad au Mac iliyounganishwa na intaneti, bila kitufe cha kulazimisha. Anayetumia AirPods na simu ya Android peke yake, kwa hiyo, anaweza kukaa miaka na programu ileile ya siku ya kwanza. Namba ya toleo inaonekana kwenye mipangilio ya Bluetooth ya iPhone au ndani ya aplikesheni ya mtengenezaji, na kuitazama mara moja kwa mwezi hakumchukulii mtu muda.

Sasisho lenyewe linataka utulivu. Kasha na pande zote mbili viwe na chaji ya kutosha, si chini ya nusu kwa maoni yangu. Simu iwe karibu. Na mtu asiondoe upande mmoja akaupeleka sikioni kwa kuwa amechoka kusubiri. Uandikaji wa programu ukikatizwa katikati, kifaa kinaweza kugoma kuwaka. Hata kisipogoma, pande mbili zenye matoleo tofauti ya programu zinaweza kukataa kufanya kazi pamoja, na hali hiyo huwakuta pia walionunua upande mmoja mpya kuziba nafasi ya uliopotea. Mara nyingi dawa yake ni kuziacha zote mbili ndani ya kasha, kwenye chaji na karibu na simu, mpaka toleo la nyuma limfikie mwenzake.

Kuna wanaosema kwamba kama sauti ni nzuri hakuna haja ya kugusa kitu. Kwa upande wa ubora wa sauti nawaelewa, kwa sababu sasisho huweza kubadilisha namna kelele za nje zinavyopunguzwa kwa jinsi ambayo baadhi ya wenye vifaa hawakuipenda, na kwa kawaida hakuna njia ya kurudi kwenye toleo la zamani. Mimi mwenyewe, vifaa vyangu vikiwa vizima, husubiri siku chache na kusoma maelezo ya sasisho kabla ya kulikubali. Lakini sasisho la usalama silisubirishi, na nina sababu. Mnamo Juni 2024 Apple ilitoa sasisho la AirPods na baadhi ya vifaa vya Beats, chapa yake nyingine, kuziba kasoro ambayo ingemwezesha mtu aliye karibu kujifanya kuwa simu ya mwenye vipokea sauti, pale vinapotafuta kuunganishwa, na kuvifikia. Mwaka uliofuata, Juni 2025, watafiti wa kampuni ya usalama ya ERNW ya Ujerumani walitangaza udhaifu katika chipu za Airoha, ambazo hutumiwa ndani ya vifaa vya chapa nyingi zikiwemo Sony, Bose, JBL na Marshall. Aliye ndani ya upeo wa Bluetooth, bila kuoanisha chochote, aliweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya kifaa. Watafiti wenyewe walieleza kwamba shambulio la namna hiyo linahitaji ukaribu na ujuzi mkubwa, kwa hiyo sisemi watu walale na hofu. Ninachotaka kionekane ni hiki: marekebisho ya mtengenezaji wa chipu yalilazimika kupitia kwa kila chapa, kisha katika aplikesheni ya chapa hiyo, ndipo yafike sikioni. Ambaye hakuwahi kuiweka aplikesheni alibaki na mlango wazi na hakuna aliyemjulisha.

Naomba niongeze onyo moja. Aplikesheni ipakuliwe kutoka Google Play au App Store tu, na jina la mtengenezaji lisomwe kwa makini kabla ya kupakua. Faili la "sasisho" lililotumwa kwa ujumbe na mtu yeyote, hata rafiki, lisifunguliwe. Na kama aplikesheni halisi ya mtengenezaji inakataa kabisa kuvitambua vipokea sauti vinavyobeba jina lake ingawa muziki unacheza vizuri, na aina hiyo imo katika orodha ya zile inazozihudumia, mwenye navyo ana sababu ya kushuku kwamba aliuziwa bandia. Bandia haipati sasisho kutoka kwa kampuni ambayo haikuitengeneza.

Hapo ndipo ninapoona wajibu wa watengenezaji na wauzaji. Kwenye boksi huandikwa saa ngapi betri itadumu na jinsi kifaa kinavyostahimili matone ya maji, lakini haiandikwi kifaa kitapokea masasisho mpaka mwaka gani, ilhali hilo ndilo linaloamua maisha yake kwa kiasi kikubwa. Umoja wa Ulaya umelitungia sheria: Sheria ya Ustahimilivu wa Kimtandao, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, itawataka watengenezaji kuanzia tarehe 11 Desemba 2027 kutangaza kipindi cha kuhudumia usalama wa bidhaa zenye programu ndani yake, na kipindi hicho kisipungue miaka 5 isipokuwa kama bidhaa yenyewe inatarajiwa kutumika kwa muda mfupi zaidi. Mnunuzi wa mahali pengine popote anastahili kuambiwa vivyo hivyo, na wala si lazima kampuni zisubiri kushurutishwa.

Kwa gazeti lenu nina ombi mahususi. Kila mnapochapisha tathmini ya vipokea sauti vipya, pamoja na sifa za sauti na umbo, mwandishi aeleze vinasasishwa kwa njia gani, mtengenezaji ameahidi kuvihudumia mpaka lini, na kitufe cha kuviweka upya kiko wapi. Na kama nafasi itaruhusu, mchapishe hatua za uchunguzi kwa Kiswahili ili msomaji azikate na kuzihifadhi, kwa kuwa vijitabu vingi ninavyovikuta ndani ya maboksi haya vina lugha nyingi lakini Kiswahili hakimo. Niko tayari kuziandika hatua hizo mwenyewe bila malipo na kuzikabidhi kwa dawati lenu la teknolojia zihakikiwe kabla ya kuchapishwa.

Wako mwaminifu,

Fundi wa elektroniki na msomaji wenu wa siku nyingi